Kwenda Ukerewe kwa meli kutoka Mwanza: panga safari kabla hujafika gatini

Msikilizaji wa Nshamba, Rubya na Muleba mjini, safari ya Ukerewe mara nyingi huja ghafla. Binti aliyeolewa Nansio amejifungua. Ndugu anayefundisha huko anaumwa. Au simu imeingia alfajiri, kuna msiba. Mtu anashika begi na kuondoka. Haraka hiyo ndiyo humfanya apande chombo ambacho, kama angekuwa na muda wa kufikiri, asingekipanda.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga safari hiyo ili ukifika gatini uwe na uwezo wa kusema, "Hiki kimejaa, nasubiri kinachofuata."

Ukerewe ni wapi?

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Kipo kaskazini mwa jiji la Mwanza na ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Makao makuu yake ni Nansio. Kwetu si ugenini sana. Masimulizi ya Wakerewe yanasema ukoo wao wa kitawala, Abasilanga, ulitoka Ihangiro, yaani huku huku kwetu, ukavuka ziwa kwa mitumbwi. Ukisikiliza Kikerewe, utaokota maneno mengi unayoyajua.

Kwanza, kufika Mwanza

Kutoka Nshamba unashuka Muleba mjini. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni basi la Mwanza, kupitia Kyamyorwa, Chato, Geita na Sengerema. Zamani msafiri alipanga foleni ya kivuko Busisi. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Mabasi ya upande wetu hushushia stendi ya Nyegezi. Ukifika jioni, hesabu kulala Mwanza. Weka pesa ya gesti kwenye bajeti tangu nyumbani.

Ya pili ni kwenda Kemondo kupanda meli ya New Victoria "Hapa Kazi Tu", inayotoka Bukoba kwenda Mwanza. Husafiri usiku na kufika asubuhi, hivyo unaweza kuunganisha safari ya Nansio siku hiyo hiyo. Haisafiri kila siku, na ratiba hubadilika. Piga simu kwanza au muulize aliye karibu na bandari.

Pili, kuvuka kwenda kisiwani

Kutoka Mwanza mjini kuna meli na boti kubwa za abiria, za serikali na za watu binafsi, zinazokwenda Nansio. Safari huchukua takriban saa 3, kutegemea chombo na upepo.

Asiyependa kukaa majini muda mrefu anaweza kuzunguka kwa gari kupitia Bunda, mkoani Mara, hadi Kisorya. Hapo kivuko cha magari na abiria huvusha watu hadi Rugezi, upande wa Ukerewe. Njia ya barabara ni ndefu zaidi, lakini sehemu ya majini ni fupi sana.

Tatu, tiketi yenye jina lako

Kata tiketi dirishani au kwa utaratibu rasmi wa chombo, usimpe pesa mpiga debe. Beba kitambulisho. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa, na la kila mtoto uliye naye. Ukipewa tiketi ya mtu mwingine, irudishe.

Sisi wa Kagera tunajua kwa nini. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, baada ya kutoka Bukoba na kupakia abiria wengine Kemondo. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliofariki ni zaidi ya 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Ziko familia zilizobaki kubahatisha kama mtu wao alipanda au hakupanda. Jina lako kwenye orodha ndilo litakalowaambia watu wako ulipo.

Nne, siku moja ya akiba

Ziwa lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa hupanda, na mvua za radi hujengeka usiku hadi alfajiri. Ndiyo maana mtumbwi au boti ndogo usiku ni hatari zaidi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, jioni ya kuamkia safari. Ukisikia onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha.

Kwa hiyo ongeza siku moja kwenye ratiba, kwenda na kurudi, pamoja na pesa ya kula na kulala siku hiyo. Asiye na pesa ya kulala hulazimika kupanda chochote kinachoondoka.

Wakati wa kukataa kupanda

Kila chombo kilichokaguliwa kina idadi ya abiria kilichoruhusiwa kubeba. Muulize mhudumu. Usipande ukiona haya:
- Watu wamesimama mpaka kwenye ngazi na njia za kupita.
- Mizigo mizito imerundikwa juu.
- Chombo kimelala upande mmoja kikiwa bado gatini.
- Majaketi okozi hayaonekani, au hayatoshi.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Walikufa 228.

Ukiona chombo kimezidisha, waambie polisi wa bandari au maofisa wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Ukiwa ndani

Hatuendi kwa wakwe mikono mitupu, lakini mkungu wa ndizi nao ni mzigo. Ulipie, ukae chini panapostahili. Jua jaketi okozi liko wapi, na mvalishe mtoto lake mapema. Mkikaribia gati, bakini mmekaa mpaka chombo kifungwe. Watu wakikimbilia upande mmoja, chombo huegemea huko.

Ukifika Nansio, piga simu nyumbani. Usioge wala kufulia ziwani, kichocho kipo kwa wingi visiwani.

Kwa ufupi

Uliza ratiba, kata tiketi yenye jina lako, sikiliza utabiri, beba pesa ya siku moja zaidi. Kabla ya kuondoka mtajie mtu mmoja nyumbani jina la chombo na siku ya kurudi. Na kama ni msiba unakowahi, waambie ukweli waliokutangulia: nimekuta meli imejaa, nafika kesho. Watakuelewa.