Saa 80 za Arkansas: Kazi Ipo, Bima Imekatwa

Juni 2018, Arkansas ilianza kutekeleza sharti lililoifanya kuwa jimbo la kwanza la Marekani kuwakatia watu Medicaid, bima ya afya ya umma kwa wenye kipato cha chini, kwa kukosa kuthibitisha kwamba wanafanya kazi. Mnufaika wa miaka 30 hadi 49 alitakiwa kuonyesha saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi. Akikosa miezi mitatu, bima ilikatwa hadi mwaka uishe.

Waliolitetea sharti hilo walisema mwenye nguvu asikae bure akitibiwa kwa kodi ya wenzake. Hoja hiyo ina uzito, ila Arkansas haikuwakuta waliokaa bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walibaini kuwa zaidi ya asilimia 95 ya walengwa tayari walikuwa wametimiza sharti au walistahili kusamehewa. Ajira haikuongezeka. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamepoteza bima.

Walianguka kwenye mtihani wa kutoa taarifa. Kwa miezi ya mwanzo taarifa zilipokelewa kwa tovuti pekee, katika jimbo ambalo kaya nyingi za vijijini hazikuwa na intaneti. Tovuti yenyewe ilifungwa kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, muda ambao mtu aliyetoka zamu ya jioni ndiyo kwanza anapata nafasi ya kukaa. Njia ya simu ilikuja Desemba, maelfu wakiwa wameshaondolewa.

Lakini hata tovuti ingekuwa wazi usiku kucha, kasoro kubwa zaidi ingebaki. Mhudumu wa mgahawa au kibarua wa kiwanda cha kuku hajipangii saa, hupangiwa. Mwezi huu anafanya saa 120, mwezi ujao wateja wanapungua, mwajiri anampa 60. Kwa wastani amevuka kiwango, ila kwa hesabu ya mwezi mmoja mmoja anaonekana mzembe. Na akikosa dawa za kisukari au pumu kwa sababu hiyo, hata kazi aliyonayo inakuwa mashakani. Huu ni uonevu.

Machi 2019 jaji wa shirikisho, James Boasberg, alisimamisha mpango huo. Saa 80, hata hivyo, zimerudi: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inayataka majimbo yaliyopanua Medicaid kwa watu wazima zaidi kuanza kuzidai kufikia Januari 2027. Sheria hiyo inamruhusu mfanyakazi wa msimu kupimwa kwa wastani wa kipato cha miezi sita. Nafuu hiyo inapaswa kumfikia kila anayefanya kazi kwa zamu, na majimbo yaanze na kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri huwasilisha serikalini kila robo mwaka, kabla ya kumdai karatasi mtu aliyetoka kazini usiku.