Kompyuta ndani ya kompyuta: jaribu Linux bila kugusa Windows

Wadau wa Kasoli, Bariadi mjini na kwingineko, wengi wetu kompyuta tunayotumia ni ya kafe, ya shule au ya kaka. Huwezi kufuta Windows ya watu eti unajifunza Linux. Ukikosea kugawa diski, picha na hesabu za mwenye mali zimekwenda na maji. Dawa ipo: mashine pepe.

Ni kitu gani?
Ni programu inayojifanya kompyuta kamili. Linux ikiwekwa humo inadhani ina diski yake, kumbe ni faili moja kubwa tu ndani ya Windows. Ukiharibu, futa faili hilo, anza upya. Windows wala haina habari.

Jambo lenyewe si geni. IBM walilifanya kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. VMware wakalileta kwenye kompyuta za kawaida mwaka 1999. VirtualBox ikatoka 2007. Sasa ipo chini ya Oracle na unaipata bure.

Kwa nini ujisumbue?
Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Mwenye mashine ya aina hiyo bora aionje Linux kwanza, halafu ndo aamue.

Hatua
1. Omba ruhusa ya mwenye kompyuta. Bila nywila yake VirtualBox haiingii.
2. Angalia RAM, maana inagawanywa. Ukiwa na GB 4 ukaipa Linux GB 2, Windows inabaki na 2, na zote zitajikongoja. Usivuke nusu. Kwa mashine dhaifu chagua Lubuntu au Xubuntu. GB 8 ndo raha.
3. Ingia BIOS uwashe VT-x (Intel) au AMD-V. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 la mwaka 2019 haiendi kabisa bila hiyo.
4. Shusha faili la ISO. Ni GB kadhaa, kwa hiyo ashushe mmoja, wengine mgawane kwa flashi. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.
5. Unda mashine mpya, ipe diski ya GB 25 inayokua kidogo kidogo, chagua ISO, washa. Linux ikiuliza kama ifute diski yote, usishtuke: ni ile diski ya kuigiza. Ila hakikisha upo ndani ya dirisha la VirtualBox!

Angalizo
Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili la diski pepe linaweza kuharibika. Ukimaliza zima Linux vizuri, kisha nakili faili hilo kwenye diski ya nje. Pia usifungue folda za pamoja ovyo, virusi hupitia humo.

Na lugha isiwe kisingizio. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wenzetu walishafungua njia, tuipite.

Ukikwama, andika hapo chini: RAM kiasi gani, Windows gani, na ujumbe uliotokea. Wadau watakusaidia.