Uhura Aliposema Kiswahili, Mtwara Haikuwa na Televisheni

Mswahili anayelikuta jina Uhura kwa mara ya kwanza hudhani mchapaji ameteleza. Uhuru lipo, uhura halipo. Kosa, kama ni kosa, lilifanywa kwa makusudi mwaka 1966, Gene Roddenberry alipokuwa akitafuta waigizaji wa Star Trek, tamthilia yake ya safari za anga za juu. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, Roddenberry akalipenda neno hilo, naye akashauri irabu ya mwisho ilainishwe ili lifae kuwa jina la mwanamke. Hivyo ndivyo chombo Enterprise kilivyopata ofisa wa mawasiliano kutoka Afrika, mwenye Kiswahili kama lugha yake ya kwanza.

Na alikisema. Katika sehemu iliyotangulia kuonyeshwa Marekani, 8 Septemba 1966, kiumbe kinachobadili sura kinamjia kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba, mtambo uitwao Nomad ukamfutia kumbukumbu. Ikabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila Kiingereza kilipomkwama, Kiswahili ndicho kilichomtoka. Matamshi ni ya mtu aliyekariri, lakini wazo lenyewe ni tamu: mashine inafuta kila kitu, lugha ya mama inabaki.

Mtu wa Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, hata hivyo, angeuliza huyo mama alikuwa wa wapi. Mmakonde akifutiwa kumbukumbu zake, kitakachosalia ni Kimakonde. Kiswahili, kwa wengi wa uwanda ule wa juu, kimekuja baadaye, shuleni, sokoni na msikitini.

Marekani mashabiki walikuwepo, na mmoja wao alikuwa Martin Luther King. Nichols alipotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza ili arudi jukwaani, King alimsihi abaki. Kwa masimulizi ya Nichols, alimwambia kwamba hiyo ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kukesha wakiitazama.

Mtwara hakuna aliyeshangilia wala kuzomea. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Serikali ya Nyerere iliiona kuwa anasa ya wachache wa mjini, na fedha zilikuwa na kazi nyingine. Zanzibar ilifungua yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ikangoja hadi kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kiswahili kilikuwa kimetangulia angani miaka 28.

Mji wa Mtwara wenyewe ulikuwa na mambo mengine ya kutazama. Gati lake la kina kirefu, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa limejengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, na karanga hazikutokea. Reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa miaka michache baadaye. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, vita dhidi ya Wareno vilikuwa vimeanza Septemba 1964, na Nachingwea ikageuka kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Habari zilifika kwa sikio. FRELIMO yenyewe ilizungumza na watu wake kwa mawimbi ya Radio Tanzania kutoka Dar es Salaam.

Hata hivyo, picha za sinema hazikuwa ngeni. Bonde la Ruvuma lilikwisha kutoa steringi wake: Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Namtumbo, ndiye aliyekuwa mhusika mkuu katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, mwigizaji huyohuyo alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Ilikuwa miezi minane kabla Nomad hajamfikia Uhura. Roddenberry, kama angeandika hilo katika tamthilia, angeambiwa amezidisha chumvi.

Kisha zikaja kanda za video, na vibanda umiza: mabenchi, joto, runinga moja, na watazamaji wasiojua kukaa kimya. Humo steringi huonywa kwa sauti kwamba adui yuko nyuma yake, na mgeni akihofia maisha yake huambiwa steringi hafi. Kiingereza kikatafutiwa dawa. Wafasiri kama Lufufu walirekodi sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakieleza, wakitania, wakiongeza ambacho mwandishi hakukiwaza. Mtafiti Matthias Krings aliiandikia kazi hiyo makala, akaipa jina la kugeuza wali kuwa pilau.

Kusini pilau hilo lilichelewa kufika. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake masika yaliweza kuitenga Mtwara na Dar es Salaam kwa wiki nzima na zaidi. Umeme nao ulitegemea jenereta za dizeli, ingawa gesi ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay, karibu na mlango wa Ruvuma, tangu 1982. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka ishirini. Kufikia 2007 ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa, na runinga, za mji.

Miaka miwili baadaye Star Trek ilirudi kama filamu mpya, Uhura akiigizwa na Zoe Saldana. Kirk, nahodha mtarajiwa wa Enterprise, anahangaika kwa muda mrefu kulijua jina la kwanza la msichana huyo, naye anamnyima. Hatimaye analisikia kutoka kwa Spock, ofisa mwenzao: Nyota. Mtazamaji wa Mikindani, jirani na Mtwara, hakumhitaji Lufufu kwa hilo.