Darubini ifaayo kumtazama bundi wakati wa machweo

WAPENZI wengi wa ndege wanaponunua darubini huuliza swali moja tu: inakuza mara ngapi? Kwa anayetaka kuwatazama bundi, ambao aghalabu hutoka mafichoni jua likishazama, swali hilo hupotosha. La kuuliza kwanza ni hili: inafikisha mwanga kiasi gani jichoni?

Kila darubini huandikwa tarakimu mbili, mathalani 8x42. Ya kwanza huonyesha mara ambazo kitu hukuzwa. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, nawe utapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa duara la zaidi kidogo ya milimita 5, ya 7x50 takriban milimita 7, na ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 hutoa milimita 2.5 pekee.

Adhuhuri, mboni ya jicho ikiwa imesinyaa, huenda usitambue tofauti. Giza linapoingia mboni hupanuka, na mwenye 10x25 huona kivuli tu pale mwenzake wa 8x42 anapoona mabaka ya manyoya.

Hata hivyo, umri nao una neno. Mboni ya kijana huweza kupanuka hadi milimita 7 hivi, lakini ya mtu aliyepita miaka 50 mara nyingi haizidi 5. Mzee anayenunua 7x50 hubeba uzito wa bure, maadamu mwanga wa ziada hauingii jichoni mwake. Kwa walio wengi, 8x42 ndiyo chaguo la busara.

Isitoshe, ubora wa vioo una uzito wake. Kioo kisichopakwa utando maalumu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake, na ndani ya darubini nyuso hizo ni nyingi. Kabla ya kulipa, tazama taa inavyoakisiwa kwenye lenzi: mwako hafifu wa kijani au zambarau ni dalili njema, mweupe mkali ni dalili mbaya. Kisha ishike darubini mbali na uso, uielekeze kwenye anga angavu. Duara la mwanga likiwa na kingo za kijivu zilizokatika, prizimu zake ni hafifu.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, huishi bundi mdogo wa Sokoke, aliye miongoni mwa ndege walio hatarini kuangamia duniani. Urefu wake haufiki sentimita 20, na mchana hujibanza kwenye vichaka vyenye kivuli kizito. Hapo ukuzaji wa 8 hufaa kuliko 12, kwani mtetemo wa mikono hupungua na eneo linaloonekana huwa pana. Hakikisha pia darubini yako huona vyema vitu vilivyo umbali wa mita 3.

Hata iliyo bora haigeuzi usiku kuwa mchana. Yape macho nusu saa yazoee giza. Usimmulike bundi machoni kwa kurunzi, wala usimchezee sauti zilizorekodiwa mara kwa mara, hasa anapolea makinda.

Katika jamii nyingi nchini bundi huhesabiwa kuwa ndege wa nuksi, naye hufukuzwa kwa mawe hata kabla hajatazamwa. Anayemwona vyema, akiwa mbali, akiinuka na panya kutoka ukingoni mwa shamba la mahindi, hutambua kwamba ndege huyo anamlindia mkulima mavuno yake.