Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe: Nani Aliwafua?

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake kwamba wafalme wa Karagwe "walitengenezewa" ng'ombe wa chuma na Waarabu. Nilipomuuliza chanzo chake, alijibu bila kusita: Speke. Hakukosea kunukuu, na hapo ndipo penye tatizo.

John Hanning Speke alifika Karagwe mwishoni mwa 1861, akapokewa vyema na Omukama Rumanyika. Nyumbani kwa mfalme aliona sanamu ndogo za ng'ombe za chuma, akaandika kwamba zilifuliwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mwenyeji wake. Hakueleza alijuaje. Kitabu hichohicho, kilichochapishwa 1863, ndicho kilichoeneza dhana kwamba watawala wa nchi hizi walitokana na wageni kutoka Uhabeshi. Mwenye dhana hiyo hashindwi kumpata fundi wa kigeni kwa kila kazi nzuri.

Mapokeo ya Karagwe yanasema vingine. Yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi. Katika falme za Maziwa Makuu nyundo na fuawe vilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Sidai kwamba Ndagara alishika koleo kwa kila sanamu. Mapokeo ya ikulu nayo huipendelea ikulu, na jina la fundi wa kawaida hupotea.

Lakini itazameni kazi yenyewe. Mwili ni mwembamba. Pembe ndizo zinazotawala umbo lote. Ili kupata kichwa cha namna hiyo, mhunzi anaweza kukipasha moto chuma hadi kiwe chekundu, akapasua ncha yake kwa tindo, kisha akafua kila nusu iwe ndefu na nyembamba kabla ya kuipinda. Chuma kikipoa mapema hakifuliki. Kikizidi moto huungua, na pembe hukatika. Huo ni mkono uliozoea chuma, na jicho lililoishi na ng'ombe wa pembe ndefu. Wafanyabiashara wa Kafuro walikuja kutafuta pembe za ndovu.

Stanley naye, mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika. Alihesabu bata 16 wa shaba ya manjano na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa (laiti angetueleza kwa nini hawakuwa navyo), akasifu pia ubora wa vyombo vya chuma.

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu uyeyushaji chuma wa Wahaya, majirani wa Karagwe, wakisaidiwa na wazee waliokumbuka kazi hiyo. Walieleza kwamba tanuri hizo zilitumia hewa iliyotanguliwa kupashwa moto. Utafiti huo hautuambii nani alifua ng'ombe wa Rumanyika, ila unaondoa sababu ya kumtafuta fundi ng'ambo.

Nilimrudishia kijana insha yake. Aliniuliza kama amfute Speke. Nilimwambia amwache, amweke Ndagara kando yake, kisha abadilishe kitenzi.