Matayarisho ya Safari ya Bara

Kijana wa leo akitaka kwenda Uganda kutoka Mikindani hana kazi kubwa. Barabara kuu ya bara ipo karibu, na malori yaendayo Malaba na Busia hupita usiku na mchana. Stesheni ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, ipo pale Miritini. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya aweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa tu. Miaka mia moja na hamsini iliyopita mambo hayakuwa hivyo. Safari hiyo hiyo ilikuwa ya miguu, ilichukua miezi mitatu au zaidi kwa kwenda tu, na matayarisho yake peke yake yalikula majuma mengi. Yafaa tuyatazame matayarisho hayo, kwa kuwa aghalabu ndiyo yaliyoamua nani atarudi na nani hatarudi.

Mikindani tunayoitaja hapa si ile ya Mtwara, ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Ni hii yetu ya bara ya Mombasa, iliyo kati ya Changamwe na Jomvu. Majina ya majirani hao wawili ni ya kale. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa, na Wachangamwe wamo katika Thelatha Taifa, makundi mawili yaliyounda mji wa Mombasa. Wasafiri wa zamani walitoka kisiwani kwa mashua, wakapanda na maji ya mkono wa bahari uendao upande wa Jomvu, wakashuka na kupanda vilima hadi Rabai. Baada ya Rabai ilianza nyika.

Wakamba ndio waliokuwa hodari wa kwanza wa njia hiyo. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda na nguo na shanga. Baadaye wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu wakaingia wenyewe bara, na Wazungu wakafuata nyayo zao. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Joseph Thomson alianza safari yake ya kuvuka nchi ya Wamasai mwaka 1883. Thomson huyo hakuigundua njia katika pori tupu. Sehemu kubwa ya safari yake alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye alikwisha kuijua nchi kabla yake.

Jambo la kwanza katika matayarisho lilikuwa majira. Mbele ya Rabai ipo nyika ya Taru, nchi ya miiba isiyo na mto. Maji yake hupatikana katika ngurunga, yaani mashimo ya miambani yanayohifadhi maji ya mvua. Kutoka Taru hadi kilima cha Maungu palikuwa na mwendo wa kilomita 50 hivi bila maji ya kutegemewa. Kwa hiyo mtu mwenye busara hakuuliza tu, "Nina mali kiasi gani?" Aliuliza, "Mvua imenyesha lini?" Aliyeondoka katika kipupwe, masika yakiisha, aliweza kuzikuta ngurunga zimejaa. Aliyeondoka mwisho wa kaskazi aliweza kukuta tope, au asikute hata tope. Nyika haikuheshimu fedha wala cheo. Krapf mwenyewe aliujua ukweli huo mwaka 1851, alipokuwa karibu na mto Tana. Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa akisafiri naye, aliuawa, na Krapf akakimbia peke yake. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akajaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa nyasi. Siku hiyo bunduki ilikuwa na thamani ya kibuyu.

Jambo la pili lilikuwa hesabu ya mizigo na posho. Mtauliza, kwa nini watu wabebe, na ng'ombe, punda na farasi wapo? Sababu mojawapo kubwa ni mbung'o, ambaye aliwaua wanyama wengi katika njia za bara. Ndipo mzigo ukawekwa kichwani pa mwanadamu. Mpagazi alibeba kiasi cha ratili 60, yaani kilo 27 hivi, na mara nyingi zaidi. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na kibaba ni kiasi cha ratili moja na nusu. Gawanyeni, nanyi mtaona kwamba mpagazi angebeba chakula chake tu, bila bidhaa yoyote, angekimaliza kwa siku 40. Msafara wa watu 200 ulikula mizigo mitano kila siku iliyopita. Hapana msafara ulioweza kubeba chakula cha miezi mitatu. Ilikuwa lazima kujua tangu pwani ni wapi patakaponunuliwa chakula: Taveta penye migomba, Ukambani, mpakani mwa nchi ya Wakikuyu, Baringo, na kwa Mumia katika nchi ya Wanga. Kila kituo kilikuwa kama ghala. Aliyepita bila kukijua alipita na njaa.

Na chakula kilinunuliwa kwa bidhaa. Mizigo ilikuwa merikani, kaniki, shanga, masango ya shaba na senyenge za chuma. Kila nchi ilikuwa na mapendeleo yake, na mapendeleo hayo yalibadilika. Ushanga uliotakiwa sana mahali pamoja ulikuwa takataka mahali pengine, na mwenye mali aliyekosea rangi aliweza kulala njaa juu ya mizigo yake. Thomson alipoingia mara ya kwanza katika nchi ya Wamasai aliona kwamba msafara wake ni mdogo na bidhaa zake hazikutosha. Akarudi nyuma hadi Taveta, akaja Mombasa kuongeza watu na mali, kisha akaanza upya. Yule aliyerudi kutengeneza hesabu yake ndiye aliyelifikia Ziwa Victoria mwezi Desemba 1883.

Jambo la tatu lilikuwa hodi. Msafara ulipita katika nchi zenye wenyewe. Wenyeji walidai hongo, na hongo ya siku hizo haikuwa rushwa kama tuijuavyo leo. Ilikuwa ada ya njia na adabu ya mgeni. Zaidi ya ada, msafiri alipaswa kujua habari za nchi aendayo: mtawala wake ni nani, anahofia nini, na mlango upi umefungwa.

Askofu James Hannington alitoka Rabai mwezi Julai 1885, pamoja na wapagazi wapatao 200. Majira yake yalikuwa mema, akapita nyika na nchi ya Wamasai, akafika hadi kwa Mumia. Lakini huko Buganda, Kabaka Mwanga na wakuu wake walikuwa na hofu. Habari za Wazungu kunyakua nchi za pwani zilikwisha kuwafikia, na ilisemwa kwamba maangamizi ya Buganda yatatoka mashariki, kwa mlango wa Busoga. Wamisionari waliokuwa Buganda walipeleka onyo, lakini halikumfikia. Hannington akawatangulia wengine akiwa na watu 50, akaingia Busoga kwa mlango ule ule uliohofiwa. Alikamatwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa. Karibu wote wa wale watu 50 waliuawa pamoja naye. Tusimhukumu Mwanga kana kwamba hofu yake ilikuwa ndoto tupu, maana mwaka 1894 Uingereza iliitangaza Uganda kuwa nchi chini ya himaya yake.

Kazi ya kuwarudisha waliobaki ilimwangukia William Jones, shemasi Mwafrika aliyekuwa mtumwa utotoni akaachwa huru. Aliwaongoza kwa njia ile ndefu, wakawasili Rabai mwezi Februari 1886 chini ya bendera ya buluu yenye neno la Kiebrania lenye maana kwamba utukufu umeondoka.

Hapa ndipo historia inapotutaka tufikiri. Jina la Hannington limo katika vitabu vingi, bali wale wapagazi wake hutajwa kwa idadi tu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika safari nyingi. Mwenye msafara alipanga majira, njia na posho, mpagazi hakuulizwa. Wapagazi wengine walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana zao walichukua sehemu ya ujira wao. Maji yakikosekana, aliyebeba ratili 60 alianguka kabla ya aliyebeba fimbo. Posho ikipunguzwa, ilianza kupunguzwa kwake. Kosa lililofanywa pwani kwa kalamu lililipwa nyikani kwa mgongo wa mtu mwingine.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwezi Desemba 1901 ukafika katika mwambao wa Ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu. Mzigo uliochukua miezi ukachukua siku, na misafara ya miguu katika njia hiyo ikafifia hadi ikafa. Siku hizi wapo hata wageni wanaozunguka nchi zetu kwa magari yenye kitanda na jiko ndani, wakilala popote jua linapowachwea.

Hata hivyo maswali matatu ya wazee hayajachakaa. Majira yakoje na maji yapo wapi? Chakula na mali vitatosha siku ngapi? Mwenye nchi amesema karibu? Nasi twaweza kuongeza la nne, ambalo matajiri wengi wa misafara hawakulitilia maanani: ikiwa mpango wangu una kosa, ni nani atakayelilipa? Kijana atakayepewa kesho kuongoza watu, iwe ni safari, shule au wizara, na ajiulize hilo kwanza, kabla mzigo haujapandishwa kichwani pa mtu.