Wafu wa Ocean Road na Funzo kwa Goba

Historia ya makaburi ni historia ya ardhi. Mkazi wa Goba anayeingia mjini kwa Barabara ya Bagamoyo hupita kando ya Makaburi ya Vita. Ni wachache wanaojua kwamba makaburi hayo yalianzishwa kwa sababu ya barabara nyingine.

Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Mji ukawa kituo kikuu cha kupokea shehena na kusafirisha wagonjwa na majeruhi, na wengi waliofia hapa walizikwa Ocean Road. Mwaka 1968 barabara mpya ilihitaji eneo hilo, makaburi 660 yakahamishwa. Kwa kuwa hayakuwa na alama moja moja, mabaki yalizikwa upya katika makaburi matano ya pamoja.

Mwaka uliofuata, 1969, ilitungwa Sheria ya Kuhamisha Makaburi. Inairuhusu Serikali kuhamisha kaburi pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na inataja fidia ya gharama za kuhamisha, kuzika upya na hata matambiko. Lakini nani atalipwa kwa kaburi ambalo hakuna awezaye kulithibitisha?

Hata hivyo, hao 660 walikuwa na orodha. Wapagazi wa vita hiyohiyo, ambao kikosi chao kiliipa Kariakoo jina lake, wengi hawana kaburi linalojulikana. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inawakumbuka kwa jumla, bila jina hata moja. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao wa Ulaya. Aliyekosa kuandikwa akiwa hai alikosa pia kaburi.

Goba, iliyokuwa Kinondoni na sasa iko Ubungo, inageuka kutoka mashamba kuwa viwanja. Shamba linapouzwa vipande vipande, kaburi la babu hubaki katika kiwanja cha mtu mwingine, likilindwa na kumbukumbu za wazee peke yake. Wazee nao huondoka.

Kwa hiyo urasimishaji wa makazi usiishie kwenye barabara na mipaka ya viwanja. Ramani ioneshe makaburi yaliyopo na itenge ya baadaye. Ofisi ya mtaa itunze daftari la waliozikwa. Daftari hilo halizuii barabara kupita. Linahakikisha tu kwamba siku itakapopita, wafu watahamishwa kwa majina yao.